Paka Dume wa Manowari



Mwalimu akiwaambia wanafunzi wake kwamba kitu fulani chaenda kasi ya ajabu, wote huketi wima wakasikiliza. Akiongeza kwamba kitu hicho hicho sharti kiweze pia kwenda polepole, huanza kutazamana. Ndivyo ilivyokuwa darasani kwangu, katika chuo cha walimu, siku nilipoeleza habari za ndege za kivita zitumikazo juu ya manowari. Kijana mmoja alisimama akasema, "Bwana Mwalimu, sifa ya ndege ya vita ni mbio. Huo upole ni wa nini?" Swali lake lilikuwa jema kuliko maelezo yangu. Mazungumzo ya leo ni jibu nililompa, nami nimelirefusha kidogo, kwa kuwa darasani kengele ililia kabla sijamaliza.

Jibu lenyewe limo katika manowari kabla ya kuwamo katika ndege, basi na tuanze huko.

Manowari kubwa ya Marekani ya kubebea ndege ina urefu wa futi 1,000 na zaidi. Mtu aliyesimama gatini huiona kama kisiwa cha chuma. Rubani aliye juu angani huiona kama kijiti cha kiberiti kilichotupwa baharini. Viwanja vya nchi kavu vina njia ya futi maelfu, iliyonyoka, isiyotikisika. Njia ya kutulia manowarini ni kipande tu cha sitaha, nacho kimekwenda mshazari kuelekea ubavu wa kushoto, ili ndege inayotua isije ikazigonga zile zilizoegeshwa mbele. Tena kipande hicho chatembea, maana manowari haisimami kungoja. Na bahari ikichafuka, tezi yake hupanda na kushuka kama shingo ya ngamia.

Juu ya sitaha hiyo zimetandazwa kamba nne za chuma, zimeikingama njia. Ndege ina kulabu ndefu chini ya mkia. Rubani huja kwa mwendo wa yapata maili 150 kwa saa, akitaka kulabu yake iikamate kamba mojawapo. Ikiikamata, ndege husimama katika muda wa sekunde mbili tatu, ndani ya futi 300 na kitu, na mwili wa rubani husukumwa katika mikanda yake kana kwamba amegonga ukuta. Hapa pana jambo ambalo wengi wakilisikia hudhani nimekosea: magurudumu yanapogusa sitaha, rubani hapunguzi nguvu za injini, bali huzizidisha mpaka mwisho. Sababu ni kwamba bado hajui kama kulabu imekamata. Ikiwa imezikosa kamba zote nne, mbele yake hakuna nafasi ya kusimama. Itampasa aruke tena papo hapo, la sivyo atatumbukia baharini. Kazi hiyo huifanya mchana, na huifanya usiku wa kiza, asione kitu ila taa chache. Wako marubani waliorudi kutoka vitani wakasema kwamba kutua manowarini usiku kuliwatia hofu kuliko mizinga ya adui.

Kuondoka nako kuna namna yake. Chini ya sitaha mna mtambo wa mvuke, ambao kazi yake ni kama ya manati ya mtoto anayewinda ndege. Mtambo huo huivuta ndege yenye uzito wa ratili 70,000, ikitoka katika kusimama kabisa, hata ikafikia mwendo wa maili 150 kwa saa, na yote hayo kwa muda ambao mimi nitakuwa sijamaliza kutamka maneno haya.

Sasa turudi kwa yule kijana. Kamba za chuma na viungo vya ndege vina kikomo. Mwendo wa kutua ukizidi mara mbili, nguvu inayotakiwa kuisimamisha ndege huzidi mara nne. Basi ndege isiyoweza kuruka polepole haiwezi kutua manowarini, hata ikiwa na mbio za umeme. Na ili iruke polepole bila kuanguka, yahitaji mabawa mapana, marefu, yaliyonyoshwa kando. Lakini mabawa ya namna hiyo ni mzigo katika mbio kubwa. Yeyote aliyepata kutoa mkono nje ya dirisha la motokaa anajua jinsi upepo unavyokisukuma kiganja kilichokunjuliwa. Ndege inayotaka kupita mwendo wa sauti hupenda mabawa yaliyolazwa nyuma, yaliyobana.

Mwanafunzi mwingine alishauri mabawa ya katikati, yasiyo mapana wala yasiyo membamba. Yamepata kutumika, na ndege nyingi nzuri zilikuwa nayo, lakini katika shida hii hukosa kote kuwili. Waliokulia vijijini wamemwona mwewe afanyavyo. Anapoelea juu ya ua akitafuta vifaranga, ametandaza mabawa yake yote. Amwonapo kifaranga, huyakunja nyuma akashuka kama jiwe. Mwewe hakuchagua bawa moja la kutumia maisha yake yote.

Waundaji wa ndege walilijua jambo hili zamani, ila kulitengeneza kwa chuma ni kazi nyingine. Na ndege niliyokusudia kuisimulia leo, iitwayo F-14, kwa jina la utani Tomcat, yaani Paka Dume, ilizaliwa katika kushindwa kwa ndege nyingine.

Katika miaka ya 1950 na 1960 Urusi ya Kisovieti iliunda ndege kubwa za kubeba makombora ya kuzamisha manowari. Makombora hayo yaliweza kutupwa kutoka mbali, kabla mizinga ya manowari haijaweza kuifikia ndege iliyoyabeba. Mlinzi wa shamba la mtama hangoji ndege watue juu ya masuke ndipo apige kelele. Huwafukuza wangali mpakani. Vivyo hivyo Jeshi la Maji la Marekani lilitaka ndege ya kukaa mbali mbele ya manowari, yenye rada ya kuona mbali sana na kombora la kufika mbali sana, iwaangushe wavamizi kabla hawajatupa walichobeba.

Wakati huo Waziri wa Ulinzi wa Marekani alikuwa Robert McNamara, mtu wa hesabu, aliyewahi kuongoza kampuni ya motokaa ya Ford. Aliona ni upotevu wa fedha Jeshi la Anga na Jeshi la Maji kila moja kuundiwa ndege yake. Akaamuru iundwe moja ya kuwafaa wote wawili. Wazo hilo si la kipumbavu. Mimi mwenyewe nimefundisha madarasa mawili katika chumba kimoja kwa ajili ya uhaba wa fedha, na najua kishawishi chake. Ndege hiyo ilikuwa F-111, nayo ilikuwa na mabawa ya kukunjika. Ile ya Jeshi la Anga ilitumika miaka mingi. Lakini ndugu yake wa manowarini, F-111B, aliyeruka mara ya kwanza mwezi Mei 1965, alikuwa mzito mno na mvivu wa kugeuka.

Mwezi Machi 1968 Admirali Thomas Connolly aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti. Wakubwa wake wa kiserikali waliitaka ndege ile. Akaulizwa kama injini yenye nguvu zaidi ingeiponya, naye akajibu kwamba hakuna nguvu ya injini duniani iwezayo kuigeuza kuwa ndege ya kupigana. Mwaka huo huo mpango wa F-111B ukakatwa. Connolly alistaafu mwaka 1971, akiwa na cheo kile kile alichokuwa nacho siku alipojibu. Jina la Tomcat lilifuata desturi ya kampuni ya Grumman, ambayo ndege zake za manowari ziliitwa kwa majina ya paka tangu vita vya pili vya dunia. Walakini waliokuwapo walijua ya kwamba lilikuwa pia paka wa Tom, yaani Thomas Connolly.

Grumman walikuwa na karakana zao katika kisiwa cha Long Island, karibu na New York. Walikuwa wamesaidia kuijenga F-111B, hivyo waliyajua makosa yake. Mwezi Januari 1969 wakapewa kazi ya kuunda ndege mpya, na tarehe 21 Desemba 1970, muda wa chini ya miaka miwili, ndege ya kwanza ikaruka. Siku tisa baadaye ikaruka mara ya pili. Ndani yake walikuwamo wajaribu ndege wawili, William Miller na Robert Smyth. Mirija iliyochukua mafuta ya kusukumia mitambo ilikuwa ikitetemeka pamoja na pampu, mtetemo juu ya mtetemo, hata ikachoka na kupasuka, kama waya unaopindwa huku na huku kwa vidole mpaka ukakatika. Ndege bila mafuta hayo haina usukani. Wale wawili waliirudisha mpaka karibu na uwanja, kisha viti vyao vikawarusha nje ndege ikiwa karibu kugusa vilele vya miti. Wote wawili walipona, na ndege ikaungua. Miller alirudi kazini. Tarehe 30 Juni 1972 alikufa katika ndege nyingine ya jamii hiyo hiyo, alipokuwa akijizoeza kwa ajili ya maonyesho, ikaanguka katika ghuba ya Chesapeake. Tunapozitazama picha za ndege hizi zikimeta, ni haki tumkumbuke na mtu kama huyu, ambaye kazi yake ilikuwa kuyagundua makosa wenzake wasije wakayagundua vitani.

Sasa na tuyatazame mabawa yenyewe. Yakifunguliwa yote, kutoka ncha hata ncha yalikuwa na upana wa futi 64. Yakilazwa nyuma kwa mbio kubwa, upana ulishuka mpaka futi 38. Ndege ikiegeshwa manowarini, mabawa yaliweza kulazwa zaidi, yakapanda juu ya mkia, ili isichukue nafasi. Maana sitaha ni kama jahazi la mizigo, kila shibiri ina kazi yake. Mabawa yote mawili yaliegemea boriti moja kubwa iliyopita katikati ya ndege, iliyoundwa kwa madini ya titani, ambayo ni mepesi kuliko chuma cha pua nayo ni magumu sana. Boriti hiyo iliungwa kwa miale ya elektroni ndani ya chumba kisicho na hewa, kwa sababu titani ikiwa ya moto hewa huiharibu.

Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba rubani hakuhitaji kuyashughulikia mabawa hayo. Mashine ndogo ya hesabu, yaani kompyuta, ilipima mwendo na kimo, ikayafungua na kuyafunga yenyewe wakati wote wa kuruka. Ndege ilipopunguza mwendo ili igeuke kwa nguvu, mabawa yalitanda, ilipokimbia, yalilala. Adui mwenye macho mazuri aliweza hata kubahatisha mwendo wa Paka Dume kwa kuyatazama mabawa yake. Vijana waliounda viungo vya mashine hiyo kati ya mwaka 1968 na 1970, akiwamo Ray Holt, waliunda vipande vya kompyuta vidogo kuliko vilivyojulikana na watu wakati huo, lakini kazi yao ilifungwa kwa siri ya serikali, na ulimwengu haukuambiwa mpaka mwaka 1998.

Ndani ya ndege waliketi watu wawili, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele aliendesha, wa nyuma alitazama rada. Rada hiyo iliweza kufuatia shabaha 24 kwa wakati mmoja, na kuongoza makombora sita kwa shabaha sita mbalimbali. Kombora lenyewe liliitwa Phoenix, lilikuwa na uzito wa ratili 1,000 hivi, na liliweza kumfikia adui aliye mbali zaidi ya maili 100. Kwa wasikilizaji walioko Dar es Salaam, hiyo ni kusema kwamba ndege iliyo juu ya bandari yao ingeweza kuipiga ndege iliyokwisha kupita Unguja. Mwezi Novemba 1973 ndege moja katika majaribio ilitupa makombora sita kwa muda wa sekunde 38, na manne yakapiga shabaha zake. Hakuna ndege nyingine ya wakati ule iliyoweza kufanya hivyo.

Lakini angalieni mizani. Makombora sita ni ratili 6,000, na ndege iliyoyabeba yote ilikuwa nzito kupita kiasi cha kutua. Asipoonekana adui, rubani angelazimika kuyatupa baharini mengine, kila moja likiwa na thamani ya mamia ya maelfu ya dola, ndipo aruhusiwe kurudi nyumbani. Kwa hiyo desturi ikawa kubeba machache zaidi. Na katika miaka yote ya utumishi wake kwa Marekani, Phoenix halikumwangusha adui hata mmoja. Yalitupwa machache juu ya Iraki mwaka 1999, yote yakakosa. Likastaafishwa mwaka 2004. Wengine wataliita hasara. Nami sina hakika, kwa maana kazi ya mlinzi huwezi kuipima kwa idadi ya wezi aliowaua. Yamkini wapo ambao hawakuja.

Nimekwisha kuyasifu mabawa, rada na kombora. Imebaki injini, na hapa ndipo habari yetu inapokuwa nzito.

F-111B ilipokufa, iliacha urithi. Rada ile na kombora lile vilikuwa vyake kwanza. Injini pia ilikuwa yake, nayo iliitwa TF30, ya kampuni ya Pratt & Whitney. Grumman na Jeshi la Maji waliichukua kwa kuwa ilikuwapo tayari, ili kazi isichelewe. Mpango ulikuwa kwamba ndege chache za kwanza tu zitumie injini hiyo ya kuazima, kisha ije nyingine mpya yenye nguvu zaidi. Injini mpya ikajaribiwa mwaka 1973, ikawa na matatizo, gharama ikapanda, fedha zikakatwa. Ya kuazima ikabaki. Ilibaki katika mamia ya ndege, na katika baadhi yao ilibaki zaidi ya miaka thelathini.

Ubaya wake ulikuwa nini? Injini ya namna hii hunywa hewa kwa mbele, ikaibana kwa safu za mapanga madogo yanayozunguka, ikaichoma pamoja na mafuta, kisha ikaitema nyuma kwa nguvu. Mapanga hayo hupenda hewa inayoingia sawasawa, kama maji ya mto uliotulia. TF30 iliundwa kwa ndege ya kwenda moja kwa moja. Katika ndege ya kupigana, rubani huinua pua ghafula, hugeuka kwa ukali, husukuma mkono wa mafuta mbele na kuurudisha nyuma kwa haraka. Hewa ikaingia ikiwa imepindika. Mapanga yakashindwa kuishika. Hewa iliyobanwa ikarudi mbele kwa kishindo kama cha bunduki. Na nguvu ya injini ikapotea.

Kwa ndege yenye injini mbili zilizobanana, hilo lingekuwa jambo la kuudhi. Lakini injini za Paka Dume zilitenganishwa kwa futi 9 hivi, na kati yao kukawa na nafasi ya kubebea makombora. Mwenye kupiga kasia mtumbwi upande mmoja tu anajua kitakachotokea. Injini moja ikifa na nyingine ikisukuma kwa nguvu zote, ndege huvutwa upande. Na rubani asipowahi, huanza kuzunguka kama pia, imelala kifudifudi, na wakati mwingine haikupatikana njia ya kuitoa katika mzunguko huo ila kuiacha. Marubani walifundishwa kuusogeza mkono wa mafuta polepole, kama mtu anayebeba mtungi uliojaa. Fikirini hali ya mtu anayepigana na adui aliye mbele yake, huku jicho moja lazima liwe juu ya injini yake mwenyewe. Mwaka 1984 John Lehman, Waziri wa Jeshi la Maji, aliwaambia wajumbe wa Bunge la Marekani waziwazi ya kwamba injini hiyo na ndege hiyo hazikupatana, na ya kuwa kwa miaka mingi hapajaonekana ndoa mbaya kama hiyo.

Dawa ilikuja polepole. Injini ya kampuni ya General Electric, iitwayo F110, ilianza kuingia katika ndege mpya mwaka 1987. TF30 ilisukuma kwa ratili 20,900. F110 ilipita ratili 27,000, na haikuogopa kupindishiwa hewa. Rubani aliweza sasa kuisukuma apendavyo. Kwa TF30, ndege ililazimika kuwasha moto wa nyuma ili irushwe kutoka manowarini. Kwa F110 haikuhitaji. Lakini fedha hazikutosha kuzibadilisha zote, na hivyo katika jeshi moja wakawapo marubani wenye injini njema na wengine wenye ile ya zamani.

Miongoni mwa hawa wa pili alikuwamo Luteni Kara Hultgreen, mwanamke wa kwanza Marekani kuhitimu kuwa rubani wa ndege ya kupigana ya manowarini. Tarehe 25 Oktoba 1994, baharini karibu na San Diego, alikuwa akija kutua juu ya manowari iitwayo Abraham Lincoln. Aliupita kidogo mstari wa katikati, akairudisha ndege, na katika kurudisha huko hewa ya injini ya kushoto ikavurugika, injini ikapoteza nguvu. Ndege ikainamia kushoto. Mwenzake wa nyuma akavuta mpini wa viti vya kujirusha. Mitambo hiyo humtoa wa nyuma kwanza, kisha wa mbele kwa muda usiofika nusu ya sekunde, wasigongane hewani. Wa nyuma alirushwa juu akapona. Katika sehemu hiyo ndogo ya sekunde ndege iliendelea kupinduka, na kiti cha Hultgreen kilipotoka kilikuwa kimekwisha kuelekea majini.

Palizuka maneno mengi baada ya kifo chake. Wako waliosema ya kwamba mwanamke hafai kazi ile. Mimi nawafundisha vijana na wasichana hesabu ile ile kwa chaki ile ile, na ninaloliona katika habari hii ni hewa iliyopindika ikiingia katika injini ambayo tangu mwanzo haikuundwa kwa ndege hiyo, na iliyowahi kuwaua wanaume kabla yake.

Katika vita Paka Dume alionekana mara chache, angalau kwa upande wa Marekani. Tarehe 19 Agosti 1981, juu ya ghuba ya Sidra, ndege mbili kutoka manowari Nimitz ziliangusha ndege mbili za Libya, na mwezi Januari 1989 mbili nyingine za Libya ziliangushwa na ndege za manowari John F. Kennedy. Karibu na kwetu, mwezi Desemba 1992, manowari Ranger ilifika pwani ya Somalia ikiwa na ndege hizi, katika siku zile majeshi yalipokwenda kulinda chakula cha wenye njaa. Aliyezitumia sana vitani ni mwingine. Mfalme wa Iran alinunua 80, akaletewa 79 kuanzia mwaka 1976. Mapinduzi yakamwondoa mwaka 1979, na mwaka uliofuata vikaanza vita na Iraki vilivyodumu miaka minane. Wairani, wakiwa wamekatiwa vipuri na mwuzaji, waliendelea kuzirusha kwa ufundi wao wenyewe, zaidi ya miaka arobaini. Ndiyo maana Wamarekani walipozistaafisha zao, nyingi walizikatakata vipande vidogo, kisiuzwe kipuri hata kimoja kikafika Tehran.

Urusi ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, adui aliyeundiwa Paka Dume akatoweka. Ndege ikatafutiwa kazi nyingine, ikafundishwa kutupa mabomu, na kwa msaada wa darubini mpya za usiku ikaifanya kazi hiyo vizuri kuliko wengi walivyotazamia. Lakini ilikuwa imezeeka. Kwa kila saa moja ya kuruka, mafundi walihitaji makumi ya saa za kuitengeneza, na katika manowari mafundi hulala karibu na kazi yao, chini ya sitaha inayotingishika kila ndege inapotua. Jumla ziliundwa 712.

Sherehe ya kuiaga ilifanywa tarehe 22 Septemba 2006 katika uwanja wa Oceana, jimbo la Virginia. Ndege iliyochaguliwa kuruka mbele ya wageni iliharibika kabla ya kupaa, ikapaa ya akiba badala yake. Tarehe 4 Oktoba nyingine ilirushwa kutoka Oceana kwa mara ya mwisho. Haikwenda vitani wala manowarini, bali ilipelekwa Long Island, kisiwa kile kile ilikoundwa, ikatua polepole, mabawa yametandazwa yote.